Peremende ya Mfuko wa Koti

Kila jioni Fundi alisimama mlangoni na kuita, "Kitendawili!"

"Tega!" binti yake alijibu, akija mbio miguu mitupu. Majirani walimwita Chiriku, kwa maana mdomo wake haukujua likizo.

"Nampiga, namkamua, namtundika, kesho namvaa."

"Shati!"

"Haya, zawadi yako imo humo."

Chiriku alizamisha mkono mfukoni mwa koti la kazi la baba, akatoa peremende, akaitia mdomoni.

Fundi alitengeneza betri za magari. Karakana yake ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa nyumba. Betri zilizokufa alizipasua, akatoa vyuma vya ndani, akaviyeyusha katika sufuria kuukuu juu ya makaa. Moshi ulivuka ukuta, ukatua kwenye nguo zilizoanikwa. Mkewe alizikung'uta huku akinung'unika, "Hata kuanika siku hizi ni ugomvi!"

Basi Chiriku akaanza kupoa. Mara tumbo linauma, mara hataki chakula. Mwalimu wake alisema anasahau somo la jana. Jioni moja baba alimtegea kile kile cha shati. Mtoto alimkodolea macho.

"Sijui, baba. Nipe tu."

"Deko hilo," mama alisema.

"Deko gani?" aliuliza Bibi, nyanya yake Chiriku aliyeishi nao. "Huyu kitendawili hicho alikuwa akinifundisha mimi! Kesho tunakwenda kliniki, na wewe Fundi unakuja. Betri hazitalia."

Huko kliniki, muuguzi alimtoa Chiriku damu ikapimwe, akauliza maswali mengi. Mwisho akauliza, "Baba anafanya kazi gani?" Aliposikia jibu, aliacha kuandika.

Majibu yalipotoka aliwaita wote.

"Mtoto ana risasi katika damu. Si ya bunduki, mama, usishtuke. Ni madini mazito yaliyomo ndani ya betri. Yanadhuru ubongo wa mtoto, kwa sababu bado unakua."

"Mimi nayeyusha tangu ujana," Fundi alisema, "mbona mzima?"

"Mzima?" Bibi alidakia. "Juzi si ulitafuta miwani huku umeivaa?"

Muuguzi alitabasamu. "Hata mtu mzima inamdhuru, baba, ila polepole."

"Lakini mwanangu hali betri!"

"Anaila bila kujua. Ule moshi anauvuta, hata majirani wanauvuta. Ukipoa unakuwa vumbi. Vumbi linakaa sakafuni, kwenye mashuka, kwenye nguo zako za kazi. Mtoto anashika, kisha anatia mkono mdomoni."

Fundi alitazama chini. Mkono wa Chiriku ulikuwa mfukoni mwa koti lake, ukitafuta.

Aliutoa taratibu. Akalivua koti, akalikunja upande wa ndani nje, akaenda kuliweka nje ya mlango.

"Atapona?" aliuliza aliporudi.

"Damu itasafika polepole tukifunga chanzo. Siwezi kuahidi yote, ila mmekuja mapema. Mpeni maharage, mboga za majani na maziwa. Tutampima tena."

Tangu hapo Fundi hakuyeyusha tena. Betri zilizokufa alizipeleka nzima nzima kwenye kiwanda chenye mitambo ya kunasa moshi na vumbi. Yeye akabaki kuchaji na kuuza. Alipigilia msumari karakanani, koti likalala huko. Alioga na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake. Mama aliacha kufagia vumbi kavu, akapiga deki kwa maji. Na hakuna aliyegusa chakula bila kunawa kwa sabuni.

Kipimo kilichofuata kilishuka. Kingine kikashuka zaidi.

Jioni moja Fundi alifika mlangoni, shati safi, nywele bado mbichi. Kabla hajafungua mdomo, sauti ilitoka ndani.

"Kitendawili!"

Fundi alishika fremu ya mlango. "Tega!"

"Tumeshinda naye kutwa, jioni namtundika, narudi peke yangu."

Fundi alikuna kichwa. "Nani huyo? Sijui, mwanangu."

"Nipe mji!"

"Chukua wowote, mama."

"Koti lako, baba!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi alitoa peremende ndani ya karatasi safi, lakini Chiriku hakuiangalia.

"Ngoja kwanza, baba, usikae. Kitendawili!"