Pama Haijakombolewa

Belo la mitumba likifunguliwa sokoni Bariadi, hakuna cha mama mkwe wala mwalimu wa kwaya. Waya unakatwa, nguo zinafumuka, mikono inaingia. Asubuhi hiyo ya Juni, msimu wa pili tangu wanunuzi binafsi wa pamba waje na malori yao mapya, Nyanjige alishika mkono wa koti la kijivu akavuta. Koti halikuja. Akavuta tena. Kumbe upande wa pili kulikuwa na mtu anavuta mkono mwingine.

"Dada, tafuta lingine, hili limenichagua mi..." sauti ikaanza, kisha ikakatika.

Alikuwa Hilali. Shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe, na suruali ya kaki isiyo na hata vumbi, sijui sokoni alipitia wapi. Miaka miwili hawajasemeshana. Na Bariadi si mji wa kupotezana, jamani. Kukwepana miaka miwili pale ni kazi ya kujituma.

"Chukua," Nyanjige akasema, akaliachia koti.

"Hata kugombana hutaki?"

"Ni koti tu."

Hilali akamtazama: kitenge cha bluu kilichopauka, blauzi nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. Msiba ulikwisha zamani lakini kitambaa kilikuwa palepale.

"Jibu langu lina miaka miwili, Nyanjige. Hata barua iliyopotelea Dodoma ingekuwa imeshafika."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Hawa wawili walipendana, na mji mzima ulijua. Pasaka ya mwaka juzi Hilali alimwomba wafunge ndoa. Nyanjige akaomba wiki moja ya kufikiri, kwa maringo tu, maana jibu alikuwa nalo. Ndani ya wiki hiyo baba yake akafa.

Mzee Sylvester Mayala alikuwa karani wa mizani wa pamba kule Kasoli. Kila gunia lililoletwa, alikunja shati akatumbukiza mkono mpaka begani kutafuta mawe, maana wakulima wengine walijua sana kuongeza uzito. Kichwani hakuikosa pama yake ya kaki, yenye ukingo mpana, hata kanisani aliivua shingo upande.

Sasa Hilali ni mjukuu wa Mzaramo aliyekuja huku na reli, na Mzaramo na Msukuma ni watani. Mtani ana kazi yake msibani. Anachukua kitu cha marehemu, anawatania wafiwa nacho, na mtoto wa marehemu anakikomboa kwa chochote, hata punje ya mahindi. Kikishakombolewa, watu wanajua wanaweza kurudi makwao. Basi Hilali aliivaa pama ya Mzee, akaja anatembea kwa mwendo uleule wa Mzee wa kuburuza mguu, akasimamisha mazishi kwa mkono.

"Ngojeni! Wasukuma ninyi nawajua. Mmezoea kuweka mawe kwenye pamba. Nitajuaje kama humu sandukuni hamjaweka mawe?" Akakunja shati mpaka begani. "Nakagua kwanza!"

Kasoli yote iliangua kicheko, huku machozi yanawatoka. Nyanjige, mtoto pekee, alikuwa na ukindu mkononi wa kukombolea. Aliutupa, akamgeuzia Hilali mgongo. Pama ikabaki kwa Hilali. Kuirudisha hivihivi haiwezekani, ni kama kuwarudishia watu msiba wao mlangoni. Watu wakasema binti kakasirika. Hilali akaamini hivyo hivyo.

Tangu siku ile kitu ndani ya Nyanjige kilizimika. Alipopunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba alikokuwa mpiga chapa, aliisoma barua ya kuachishwa, akaona ina makosa mawili ya chapa, akaenda kunywa chai. Hakulia. Wala hakuwa amelia msibani.

"Nina kazi nataka kukupa," Hilali akasema, koti likining'inia mkononi. "Nimefungua kampuni. Si siku hizi kila mtu anafungua? Ya kutembeza wageni. Treni kutoka Malampaka, meli kutoka Mwanza, boti kuvuka ghuba mpaka Lamadi, halafu puto la hewa ya moto juu ya wanyama. Nataka mtu aende kwanza, aandike yaliyo mazuri."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hakuna kinachokufurahisha. Wewe ukiandika panapendeza, hata aliyemaliza Ulaya yote atanyamaza." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Na jingine, nisikufiche. Mwezi ukiisha baba anakwenda Tabora kuniposea Nasrin, binti wa rafiki yake. Siwezi kumwambia namsubiri mtu asiyenijibu. Nijibu safari ikiisha. Iwe ndiyo, iwe hapana."

"Sitakwenda," Nyanjige akasema.

Kesho yake simu ililia dukani kwa Shida, duka pekee mtaani lenye simu, na Shida akaita kwa sauti ya kuamsha kijiji.

"Haloo."

"Umekula?" Hilali akauliza.

"Umepiga simu kuniuliza kama nimekula?"

"Nimepiga kuuliza kama utakuja. Nimeanza na kula nisionekane nina haraka."

"Hilali, niko dukani kwa watu, wote wananisikiliza."

"Vizuri. Waambie wanisaidie kukubembeleza, mpenzi, mimi nimechoka."

"Atakuja!" Shida akapaza sauti kutoka nyuma ya magunia ya sukari. Na aliyekuwa akipima mafuta ya taa pembeni, Generoza, dada yake marehemu Mzee Sylvester, akaweka chupa chini.

"Atakwenda, na mimi nakwenda naye," akasema. "Nani amwachie mtoto wa kaka yangu na Mzaramo?"

Kwa Kisukuma shangazi ni senge, na Senge Generoza akishasema, limesemwa.

Walipanda treni Malampaka asubuhi, daraja la pili, upande wa dirisha. Senge alivaa gauni la Jumapili la maua ya njano na rozari shingoni. Kufika Malya alikuwa ameshanunua karanga za kuchemsha, mayai na kuku mzima, vyote kupitia dirishani. Nje mashamba ya pamba yalikuwa yamefunguka meupe mpaka mwisho wa macho, ng'ombe wakinywa kwenye mabwawa, watoto wakipunga mikono. Karibu na Fela mawe yakaanza, mengine yamebebana mpaka unajiuliza nani aliyapandisha. Hilali alisimama mlangoni akionyesha hiki na kile, begi lake jeusi begani. Begi hilo hakulitua hata alipokula.

"Umeandika nini?" akauliza, akichukua daftari. Akasoma kwa sauti: "'Mashamba yapo. Ng'ombe wapo. Mawe ni makubwa.' Nyanjige! Ni makubwa tu?"

"Ulitaka niseme madogo?"

Senge akacheka mpaka karanga zikampalia. Nyanjige akampiga mgongoni polepole, uso mkavu.

Meli ya Nansio iliondoka Mwanza ziwa likiwa limetulia. Ndege weupe waliifuata, vijana wa daraja la tatu wakiwarushia mikate. Hilali alikuja akaegemea chuma karibu naye.

"Bado umenikasirikia."

"Sijakukasirikia."

"Basi ikomboe, nipumzike. Unajua nalala nayo chumba kimoja miaka miwili? Naiambia Mzee, shikamoo, kila asubuhi."

"Usinitajie kitu hicho."

Nyanjige akafungua daftari, akaandika: "Maji yapo pande zote."

Kesho yake Nansio, wakisubiri boti ya kuvuka ghuba, Nyanjige alipita karibu na kibanda cha simu akamsikia Hilali ndani. "Baba, wewe nenda Tabora. Nenda tu, usisubiri mwezi uishe. Ndiyo. Nimeshaamua."

Alisimama pale akingoja moyo umuume. Aliungoja kweli, mkono kifuani, kama mtu anayesubiri ganzi ya daktari wa meno iishe. Haukuuma. Hilo ndilo lililomtisha: kwamba mwanaume aliyempenda anakwenda kuoa, na yeye anawaza kama boti ina kivuli cha kukaa. Mpaka wanafika Lamadi hakumsemesha neno, na Hilali naye hakujua kakosa nini tena.

Puto lilijazwa alfajiri, uwandani, mwendo mfupi kutoka kambi walikolala. Lilikuwa la rangi nyekundu na njano, kubwa kuliko kanisa la parokia, na moto wake ulinguruma mpaka Senge akarudi hatua kumi.

"Panda, senge," Hilali akamtania, "ukamsalimie Mtakatifu Petro."

"Mimi Mungu akinitaka juu ataniita mwenyewe, hatatuma Mzaramo. Nitawafuata kwa gari la kambi, niwasubiri barabarani."

Rubani, kijana wa Arusha aitwaye Elia, akavuta kamba ya moto, na nchi ikaondoka chini ya miguu yao bila kishindo. Hakukuwa na upepo usoni, maana walikuwa wanakwenda na upepo. Jua lilitoka. Chini nyumbu walijipanga mstari mmoja mrefu usio na mwisho, twiga wakainua vichwa, mto ukang'aa katikati ya miti. Upande wa machweo ziwa lilionekana lote. Hilali alimtazama yeye, hakuwatazama wanyama.

Nyanjige akaandika: "Nyumbu wapo."

"Jamani," Elia akasema baada ya muda, na sauti yake haikuwa ya kutembeza wageni. "Huu upepo leo umekaza. Unatutoa hifadhini."

Ukawatoa kweli. Vichaka vikaisha, yakaja maboma ya ng'ombe, nyumba za nyasi, mbwa wanabweka juu. Elia akashusha. "Chuchumaeni! Shikeni kamba!" Kapu likagusa ardhi, likaruka, likagusa tena, likalala ubavu na kuburutwa kwenye shamba la pamba kwa kelele ya matawi yanayovunjika. Halafu kimya. Hilali alikuwa kichwa chini, miguu juu, begi limefunguka. Na pama ya kaki ikabingirika kutoka begini, ikasimama mbele ya magoti ya Nyanjige.

Kabla mtu hajasema kitu, mwenye shamba alifika, mzee mwembamba, fimbo mkononi.

"Mwangaluka!" akafoka. Hasira si sababu ya kuacha salamu.

"Mwangaluka, baba," wakaitikia watatu, kila mtu kutoka alikolalia.

"Pamba yangu hii! Nyie mmetoka wapi?" Hakungoja jibu. Alilitazama lile puto limelala, tambarare kama ngozi iliyoanikwa, akakunja shati, akapiga magoti na kutumbukiza mkono ndani ya kitambaa, mpaka begani.

"Sasa baba, unafanya nini?" Elia akauliza.

"Nakagua. Watu hawaanguki kutoka juu hivihivi. Mmeficha kitu humu."

Kutoka ndani ya kapu, kichwa chini bado, Hilali akasema: "Kagua vizuri baba, ingiza mpaka kwapani. Sisi hatuweki mawe."

Nyanjige alitoa sauti ambayo hakuijua. Alidhani amekohoa. Ikaja tena, ikawa kicheko, kikubwa, cha tumboni, kikamlaza chali katikati ya pamba, na alipojaribu kukizuia kikageuka kilio, na kilio kikageuka kicheko tena. Mwenye shamba alitoa mkono wake akasogea nyuma.

"Huyu kaumia kichwa?"

"Mwache, baba," Hilali akasema. Alikuwa amejinasua, shati jeupe limechanika bega. Akachuchumaa karibu naye bila kumgusa.

"Sikukasirika," Nyanjige akasema alipoweza. "Siku ile. Nilitaka kucheka, Hilali. Baba yangu yuko sandukuni, na mimi nataka kucheka, maana ulikuwa yeye mtupu, ule mkono. Niliuma ulimi mpaka damu. Nikasema nikicheka leo mimi si mtoto wake. Na kilio nacho kikagoma kutoka."

"Miaka miwili najua unanichukia."

"Sikuwa na nguvu ya kumchukia mtu."

Akajifuta kwa kitambaa cheusi alichokivua kichwani. Akachuma pamba moja, iliyofunguka vizuri, akainyoosha.

"Naikomboa pama ya baba yangu."

Hilali akaipokea, lakini mtani ni mtani. "Hii pamba haina mawe?"

"Kagua."

Akaingiza kidole, taratibu, akazungusha. "Safi. Daraja la kwanza." Akaiokota pama, akaipangusa vumbi, akamvika. Ilimshuka mpaka kwenye nyusi.

"Nilikusikia Nansio," Nyanjige akasema chini ya ukingo wake. "Umemwambia baba yako aende Tabora."

"Aende akaombe radhi. Sitamuoa Nasrin hata jibu lako likiwa hapana. Ndiyo nilichoamua."

"Basi akitoka Tabora apitie Kasoli. Aje na wazee wenzake."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Unataka nikuandikie kwenye daftari?"

"Na padri wenu, na shehe wetu?"

"Wazee watakaa nalo hilo. Mimi langu nimeshalisema, mpenzi wangu."

Elia alibaki na mwenye shamba wakihesabu miche iliyovunjika. Wao wawili walikwenda kwa mguu mpaka barabarani. Senge Generoza alikuwa amekaa kwenye jiwe, rozari mkononi, mfuko wa mayai pembeni, na mdomo tayari umefunguka kuwagombeza. Akaiona pama kabla ya kuwaona wao. Akasimama.

"Imekombolewa?" akauliza.

"Imekombolewa, senge."

Mama yule, ambaye miaka miwili alikuwa akiwachekesha watu wa mtaa mzima, alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la maua, akashika kichwa, akamlilia kaka yake kwa jina lake la utotoni, ambalo Nyanjige hakuwahi kulisikia. Nyanjige akaketi karibu yake akamkumbatia. Hilali, mtani, alisimama pale na pamba yake mkononi, na siku hiyo hakutania.