Ngata ya Kassimu

Asubuhi Mwamvita alitwanga mpunga nyuma ya nyumba yake, huko Kasongo. Mtoto wake Kassimu alifukuza kuku. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jua lilipopanda, mama alimpa wali wa jana.

"Mama, miye nafunga," alisema Kassimu.

"Kula, mwanangu. Ukibalehe utafunga."

Siku hizo misafara ilipeleka pembe za ndovu Kabambare. Watu wazima walibeba pembe kubwa. Watoto walibeba pembe ndogo, zinazoitwa kalasha. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ilikuwa desturi.

Mwaka uliopita Amuri, kaka yake Kassimu, alibeba kalasha. Njiani alisema shingo inauma. Watu wakamwambia atazoea. Karibu na kijiji cha Wamaza alianguka, akafa, akazikwa hapo. Baba yake, Sumaili, aliyekuwa msafarani, alirudi na ngata ya mtoto tu. Ngata ni duara la majani na kitambaa, linalowekwa kichwani chini ya mzigo. Mwamvita aliitundika ukutani.

Jioni alikuja Alimasi, nyampara wa wachukuzi.

"Baba Amuri, tutaondoka baada ya Idi. Mutoto wako amekua. Atabeba."

"Iko mudogo, nyampara."

"Kalasha ni mchezo! Miye nilianza nikiwa mfupi kuliko jogoo wako."

Sumaili alicheka kidogo ili asimuudhi nyampara. Usiku ule hakula.

Kesho yake Mwamvita alianza kusuka ngata nyingine, nene sana. Jirani yake, Binti Atumani, akapita. Bibi huyu alikuwa akiunga mifupa iliyovunjika.

"Mama Amuri, ngata gani hiyo? Unataka kubeba mlima?"

"Ni ya Kassimu. Ile ya Amuri ilikuwa nyembamba. Hii itamkinga."

Binti Atumani aliketi. Alimwita Kassimu, akaweka kidole cha mama yake juu ya shingo ya mtoto.

"Ngata inakinga ngozi ya kichwa. Uzito wote bado unashuka hapa. Mifupa hii ingali inakua, na mzigo unaiumiza. Tena mtoto akichoka, husema mara moja tu. Anaogopa kuachwa nyuma."

Mwamvita aliacha kusuka. "Basi Amuri hakufa kwa ngata yangu mbaya?"

"Hapana, mwanangu. Ngata yako uliisuka vizuri."

Mwamvita alilia. Mwaka mzima alikuwa amejilaumu peke yake.

Baada ya Idi wachukuzi walikusanyika. Alimasi alimwita Kassimu. Binti Atumani akasimama kati yao.

"Nyampara, mtoto huyu alifunga Ramadhani?"

"Hapana. Hajabalehe."

"Mungu hajamlazimisha saumu. Weye unamlazimisha pembe?"

Alimasi alitazama kalasha zilizolala chini. Kisha akasema, "Na kalasha nani atabeba?"

"Zingoje ghalani," alisema Sumaili. "Pembe haiozi ikingoja. Mutoto wangu iko udongoni Wamaza."

Hakuna mchukuzi aliyeinua mzigo. Walisimama kando ya mizigo, hata wale wasio na watoto. Jua likaanza kuwaka. Alimasi alipangusa uso.

"Haya," alisema. "Asiyebalehe habebi. Kalasha zitangoja."

Wakati ule hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kumlinda mtoto. Palikuwa na neno hilo tu, na watu waliolisikia. Msafara ulipoondoka, watoto wa mtaa ule walibaki. Sheria zilizoandikwa zilikuja baadaye sana. Leo zipo, na nazo zinahitaji watu wa kusimama hivyo.

Kassimu alikua, shingo yake imenyooka. Ngata yake nene iliwekwa chini ya mtungi wa maji, na mtungi ulikaa vizuri juu yake.

Ile ya Amuri ilibaki ukutani. Na watu waliendelea kumwita Mwamvita Mama Amuri. Kila mara aliitika.