Kilichokuwa Nyuma ya Kabati la Televisheni

Kila siku saa moja jioni, msichana wa miaka kumi na miwili aliletewa glasi ya maziwa ya moto, na kila siku aliitazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Maziwa yenyewe angeyavumilia. Kilichomshinda ni utando: ile ngozi nyeupe yenye mikunjo inayojikusanya juu maziwa yakianza kupoa, ambayo hunata kwenye mdomo na kukataa kuondoka.

Nyumbani walimwita Bi Kinyaa, na jina hilo alikuwa amelifanyia kazi. Unywele mmoja kwenye sabuni ulitosha kumfanya aoge kwa maji matupu. Kiti kilichoachwa na joto la mtu mwingine hakukikalia mpaka kipoe. Mswaki wa baba yake, uliolala pande zote kama nyasi zilizokanyagwa, ulimlazimisha kusafisha meno akiwa amefumba macho.

Maziwa yaliingia nyumbani kwa amri ya daktari. Bi Kinyaa alikuwa amevunjika kifundo cha mkono akiruka kamba, daktari akashauri anywe maziwa ili mifupa ipate nguvu, na mama akaugeuza ushauri kuwa sheria isiyojadiliwa. Bi Kinyaa hakuijadili. Alichagua kiti kilicho karibu na kabati la televisheni, akasubiri mama ageukie jikoni, akauchota utando kwa kijiko na kuurusha nyuma ya kabati. Kisha aliusindikiza na mafunda mawili matatu ya maziwa, ili usijisikie mpweke. Yaliyobaki aliyanywa, akarudisha glasi tupu na kushukuru kwa adabu. Alifanya hivyo miezi mitatu mfululizo.

Kabati lile lilikuwa la mbao nzito, na tangu wanaume wanne walipolibeba na kuliegemeza kwenye kona, hakuna aliyethubutu kulisogeza. Nyuma yake palibaki mwanya mwembamba, na sakafuni kipande cha zulia kuukuu kilichofyonza kila kitu bila kutoa siri. Ila harufu haikufyonzwa. Mwezi wa pili ilianza kutembea sebuleni kama mgeni asiyeaga. Baba alisema ni panya aliyekufa, akatega mtego, akanasa kidole chake cha mguu. Mama alisema ni viatu vya kaka, vikafukuzwa vikalale kibarazani. Aliyelalamika kuliko wote alikuwa Bi Kinyaa. Alipita sebuleni akiwa amebana pua kwa vidole viwili, akamwambia kaka yake kwamba kuna watu duniani hawana huruma na wenzao.

Kaka alikuwa na jambo kubwa zaidi la kuwaza. Mwaka uliopita aliomba nafasi katika chuo cha uuguzi akakosa. Safari hii aliitwa kwenye usaili, lakini kwa njia ya video, Jumamosi saa nne asubuhi, mara moja tu, bila kurudiwa. Chuo kilitaka kompyuta, chumba kitulivu na mlango uliofungwa. Duka la intaneti la mtaani lilipakana na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo ilibidi afanyiwe usaili nyumbani.

Na intaneti ya nyumbani ilikuwa inakata roho.

Ilikuja kwa kebo moja nyeusi iliyotoka kwenye nguzo ya barabarani na kupenya ukutani, ikileta intaneti na televisheni kwa pamoja. Zamani ilikuwa na kasi. Wiki hizi barua pepe moja ilichukua muda wa kuchemsha maharage, na mpira wa baba ulikatikakatika vipande vya mraba, mchezaji akabaki na mguu upande mmoja wa kioo na kichwa upande mwingine.

Jumatano jioni mama aliipigia simu kampuni, akaunganishwa na fundi wa kike mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Fundi aliwaongoza hatua kwa hatua. Walizima modemu, wakahesabu hadi sitini, wakaiwasha. Mama na baba walihesabu kwa sauti, kila mmoja kwa mwendo wake, wakagombana kidogo walipofika arobaini. Wakaondoa simu zote kwenye mtandao, wakaiunganisha kompyuta na modemu moja kwa moja kwa waya, wakapima kasi. Walikuwa wakilipia megabiti ishirini. Walipata moja na robo.

Fundi akauliza kama televisheni nayo inasumbua. Alipoelezwa habari za mchezaji aliyekatika vipande, alisema basi huenda modemu haina kosa. Tatizo liko kwenye waya wenyewe. Akataka mtu atazame nyuma ya kabati. Hapo ukutani, karibu na sakafu, kuna kisanduku kidogo cha chuma kinachogawa kebo moja kuwa mbili, moja ya modemu na moja ya televisheni. Mafundi hukiita splita. Je, ni kikavu? Ni kisafi? Nyaya zimekazwa?

Mtu pekee ambaye kichwa chake kilipenya kwenye mwanya ule alikuwa Bi Kinyaa. Alipewa tochi, akalala kifudifudi na kuingiza kichwa.

Harufu ilimpiga kofi. Tochi ilimwonyesha zulia lililovimba na kuota manyoya ya kijivu. Ukutani maziwa yalikuwa yameteremka na kukauka kwa michirizi ya manjano, na tando kadhaa zilining'inia kwenye kebo kama soksi zilizoanikwa. Splita ilikuwa katikati ya hayo yote, imelowa, viungio vyake vimeota kutu ya kijani. Mende mmoja mchanga alisimama juu yake, akamtazama Bi Kinyaa bila kuonyesha heshima yoyote.

"Unakiona?" mama aliuliza kutoka juu.

"Ninakiona."

"Fundi anauliza kama ni kikavu."

Bi Kinyaa alimeza mate, jambo ambalo alilijutia kwa sababu yalikuwa na ladha ya ile harufu. Alifikiria sura ya mama yake. Alifikiria viatu vya kaka vilivyolala nje siku zote zile.

"Kikavu," alisema. "Kisafi kabisa. Na nyaya zimekazwa."

Fundi aliposikia hivyo alisema kama ndani pako sawa, huenda tatizo liko nje kwenye nguzo, na kazi za nje zina foleni: angekuja Jumatano ijayo. Au pengine, aliongeza, kuna mtu anatumia mtandao wao bila ruhusa. Wabadilishe nenosiri waone.

Mama hakulisikia neno "pengine". Siku mbili kabla ya hapo alimwona jirani yao, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake mlango wa pili, akicheka kibarazani na simu mkononi. Kwa mama huo ulikuwa ushahidi tosha. Alhamisi asubuhi alimgongea mlango, akamwambia kwamba mtu mzima na heshima zake hafai kunyonya mtandao wa wenzake, tena wakati kuna mtoto wa watu anatafuta maisha.

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyekuta jino ndani ya mkate. Alisema ana kifurushi chake mwenyewe, hajawahi kuhitaji cha mtu. Kisha alifunga mlango polepole, bila kelele, jambo ambalo linauma kuliko kuubamiza. Bi Kinyaa, aliyekuwa ngazini na mkoba wa shule, aliona na kusikia yote. Alikwenda shule akiwa na kichefuchefu ambacho safari hii hakikusababishwa na mswaki wa mtu.

Nenosiri lilibadilishwa. Likawa refu mno hata baba akaliandika kwenye kiganja. Kasi ikabaki moja na robo.

Ijumaa alasiri kaka alipiga pasi shati lake jeupe, akalivaa, akafanya mazoezi ya usaili na rafiki yake kwa video. Rafiki aliuliza kwa sauti nzito ya kujifanya mkuu wa chuo: kwa nini unataka kuwa muuguzi? Kaka alifungua mdomo kujibu, na picha ikaganda. Ilipozinduka, rafiki alikuwa ameshauliza swali la tatu. Walijaribu mara nne. Mara ya nne rafiki alicheka, akasema kaka ameganda kama samaki wa barafuni.

Kaka hakucheka. Alifunga kompyuta, akavua shati, akalikunja taratibu, mkono juu ya mkono, akalirudisha kabatini. Mama alipomuuliza anafanya nini, alisema atawaandikia chuo kuwa hataweza, ni afadhali kuliko kuaibika mbele yao. Alisema kwa upole, kama anayeomba chumvi.

Bi Kinyaa alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kwa upole hakuwa amejiandaa.

"Kaka, usiwaandikie," alisema. "Kule nyuma kuna maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yangu. Ya kila siku. Nilimdanganya fundi."

Mama, baba na kaka walishika kabati na kulivuta, na ukweli ukatoka wenyewe. Chini ya zulia kulikuwa na tabaka la kitu laini cha rangi ya manjano kilichotikisika, na ndani yake funza walikuwa wakiendelea na shughuli zao. Mende walitawanyika kama wanafunzi waliosikia hatua za mwalimu wa zamu. Baba alikimbilia dirishani, akatoa kichwa nje na kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama alijifunika pua kwa upindo wa gauni, akasema neno moja tu, "Mwanangu."

Kaka peke yake ndiye aliyechuchumaa. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akazima umeme wa modemu na televisheni, akaanza kukunja zulia kama anayemfungua mgonjwa bandeji. Alimpa Bi Kinyaa mifuko mingine miwili na kumwonyesha upande wake.

Msichana aliyeogopa unywele kwenye sabuni alishika zulia lile. Lilikuwa vuguvugu. Alitapika kidogo kwenye ndoo, akafuta mdomo, akalishika tena.

Kisha mama akapiga simu, na safari hii alimkabidhi Bi Kinyaa aongee mwenyewe. Alimweleza fundi kwamba juzi alidanganya. Fundi hakumgombeza. Alimwambia aeleze anachokiona, si anachotamani kukiona. Bi Kinyaa alieleza kutu ya kijani, unyevu, kiungio kimoja kilicholegea, hata mende. Fundi alisema hiyo ni kazi ya nusu saa. Angejua tangu Jumatano angekuja Alhamisi. Waipanguse splita kwa kitambaa kikavu, wasiwashe chochote. Angepita kwao kesho saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kazi nyingine.

Alikuja kama alivyosema, mwanamke mfupi mwenye buti na mkoba wa vifaa. Alikata ncha za kebo zilizooza mpaka shaba ikaonekana inang'aa, akafunga viungio vipya, akaweka splita mpya juu zaidi ukutani, akapima. Ishirini na moja. Baba aliwasha televisheni, akamkuta mtangazaji akiwa mzima, viungo vyote mahali pake.

Fundi alipokuwa akipanga vifaa, alimwita Bi Kinyaa. "Mimi siwezi kuingia katika kila nyumba," alisema. "Ninatibu waya kwa maneno ya mtu aliye karibu nao. Ukiniambia ni kikavu, nitakwenda kutafuta ugonjwa kwenye nguzo, na mgonjwa atakufia sebuleni. Aibu yako ilikuwa ya dakika tano. Uongo umewagharimu siku tatu."

Saa nne kaka alifunga mlango akiwa na shati lake jeupe. Sauti yake ilisikika bila kukatika kwa dakika arobaini. Alipotoka, alisema hawajampa jibu, watamwandikia, lakini kila swali lilifika na kila jibu lilikwenda. Mama alikwenda kibarazani, akavirudisha viatu vya kaka ndani kwa mikono yake mwenyewe.

Ikabaki deni moja. Mama alitaka kwenda peke yake kwa mwalimu mstaafu. Bi Kinyaa alisema wataenda wote. Mlangoni mama alianza, akakwama, akaanza upya. Alisema amemkosea, amemvunjia heshima bila kuuliza hata swali moja. Kisha Bi Kinyaa akaeleza maziwa, utando, splita na uongo, bila kuruka mende.

Mwalimu aliwasikiliza wote wawili wamesimama. Alimsamehe mama kwa maneno machache, akisema siku nyingine aulize kwanza. Halafu akamgeukia msichana.

"Ungemwambia mama yako siku ya kwanza kwamba utando unakutapisha, angefanya nini?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba angeyachuja tu.

"Basi hapo ndipo kosa lilipo," mwalimu alisema. "Kuona kinyaa si dhambi, na uchafu ukionekana husafishwa. Ukiuficha kwa uongo, unaanza kuwapata na wasiohusika. Ulimpata kaka yako, ukavipata viatu vyake, ukanipata na mimi hapa mlangoni."

Bi Kinyaa aliinamisha kichwa. Mwalimu alitazama ndani ya nyumba yake, akapunguza sauti.

"Friji langu halijasogezwa miaka tisa," alisema. "Ninahisi kuna kitu nyuma yake, na macho yangu hayaoni vizuri. Ninahitaji mtu wa kutazama na kuniambia ukweli."

Mwili wote wa Bi Kinyaa ulisisimka, kuanzia unyayoni mpaka utosini. Alivuta pumzi ndefu, ya mwisho safi, na kuomba tochi.