Maandishi ya Kijivu

"Shati limechafuka. Lifue kabla ya adhuhuri."

Sindano aliusoma ujumbe huo kwenye ngazi za jengo la ofisi, kikombe cha kahawa mkononi. Akaufuta. Kahawa akaimwaga kwenye chungu cha maua, maana hamu yote ilikuwa imemtoka.

Shati ni mtoa habari. Limechafuka, ameuawa.

Akapiga simu.

"Nani ameuawa?"

"Fundi wa malori," akajibu Mzee, mkuu wake wa kazi, mtu asiyepoteza maneno. "Risasi mbili, gerejini kwake. Juzi aliijaribu tovuti yetu mpya ya kutoa taarifa za magendo. Jana wafanya magendo wakamjua."

"Wataalamu si waliikagua?"

"Ndani nje. Ni safi. Saa sita mchana inafunguliwa kwa umma. Tafuta tundu."

"Nikilikosa?"

"Kuna mtoa habari wa pili. Analinda ghala walikoficha bunduki zao. Akirudishiwa simu yake getini saa sita, atatuma taarifa kupitia tovuti hiyo. Kabla ya hapo hapatikani."

Simu ikakatika.

Sindano alimjua huyo wa pili, ingawa hakutakiwa. Aliwahi kuona taarifa zake za zamani: herufi kubwa tupu, na salamu za familia kabla ya kufikia bunduki. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aandikaye hivyo. Mjomba wake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa mshahara wa ulinzi. Mjomba hakujua kuwa mpwa wake ni jasusi, na mpwa alijifanya hajui kuwa mjomba anapeleka habari. Ukoo wa waongo, lakini wanapendana.

Akapanda ghorofani.

Alikuwa amepenyezwa katika studio hiyo ya usanifu kama mjaribu wa tovuti. Kazi yake ilikuwa kubofya na kulalamika. Chumba kilikuwa na mapazia mazito meusi, hayafunguliwi asubuhi wala jioni. Wasanifu walikaa gizani mbele ya skrini pana za Apple, kwa sababu humo rangi zao zilionekana zilivyokusudiwa.

"Umechelewa, dada," akasema mkuu wa wasanifu, waliyemwita Msanii. "Leo ni siku yetu."

"Mbona ukurasa mtupu hivi?"

"Ndio mtindo wa sasa. Weupe, kitufe kimoja kikubwa, maneno machache tena mepesi. Watu hawasomi siku hizi. Wanabofya."

"Nani kakwambia?"

Msanii akaelekeza kidevu kwenye chumba cha vioo. Humo aliketi Mshauri, mgeni kutoka ng'ambo, mpole wa sauti, viatu vyake havisikiki akitembea. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na nywila ya kuifungua tovuti na kuifunga.

Sindano akaitazama tena kwenye Samsung yake. Kitufe cha kijani, ENDELEA. Chini yake mstari mmoja wa kijivu: ukiendelea, unakubali washirika wetu wa ramani waone ulipo. Kando yake neno Kataa, dogo. Alikuwa ameusoma mstari huo tangu siku ya kwanza. Wataalamu nao waliusoma. Mtu anaulizwa, anakubali au anakataa. Kosa liko wapi?

Joto likamzidi. Akatoka kibarazani kumpigia Mzee.

Jua lilikuwa kali. Akaitazama simu.

Mstari haukuwepo.

Akaikinga skrini kwa kiganja. Ukarudi. Akaondoa kiganja. Ukapotea. Kilichobaki ni kitufe cha kijani.

Fundi wa malori alifanya kazi juani.

Sindano aliona aibu, kisha hasira. Siku zote hizo alikuwa amejaribu ukurasa gizani, pamoja nao.

"Mzee, hakuna tundu. Watu wetu wanatoa ruhusa wenyewe bila kuiona. Washirika wa ramani ni nani?"

Vidole vikagonga kibodi upande wa pili. "Kampuni ya sanduku la posta tu, haina ofisi wala wafanyakazi."

"Basi ndio wao. Nimkamate Mshauri?"

"Kwa kosa gani, rangi ya kijivu? Atacheka mpaka saa sita ipite. Kwanza pata kinachomuunganisha na wauaji."

Sindano akashuka mpaka kwenye maegesho nyuma ya jengo. Akaandika taarifa kwenye ukurasa wa majaribio: nimepiga picha bunduki zote, nataka kuonana na polisi. Akabofya ENDELEA. Simu akaiweka juu ya gari bovu, akajificha nyuma ya nguzo, bastola ya Glock mkononi.

Wangeweza kutokuja. Alilifikiria hilo, akaitazama saa.

Wakaja.

Prado nyeupe, watu wawili. Wa mbele alifuata ramani kwenye simu yake mpaka kwenye gari bovu, bastola imetangulia.

"Tupa chini."

Akageuka afyatue. Sindano akawahi kumpiga risasi.

Wa pili akapiga magoti, akaanza kulia, na kabla hajaulizwa akalitaja ghala. Simu ya marehemu ikaita sakafuni. Sindano akaipokea bila kusema neno.

"Mmemaliza?" ikauliza sauti ya upole.

"Bado," akasema. "Napanda."

Alimkuta Mshauri mlangoni, mkoba begani. Akamrudisha kwenye kiti kwa mtutu.

"Funga tovuti."

"Ni halali. Walikubali."

"Fundi alikubali kufa?"

Mshauri akatazama mtutu. Akaandika nywila. Ukurasa ukafa, saa sita ikigonga.

"Mimi nilichora tu," akasema Msanii.

Sindano akayavuta mapazia. Mwanga ukawamwagikia wote.

"Ungechungulia nje, fundi angekuwa hai."

Polisi walikuwa wanaingia alipofika chini. Simu yake ikaita. Mjomba.

"Mpwa wangu, wewe si ndiye fundi wa mambo ya tovuti? Kuna ukurasa hapa haufunguki."

"Ukurasa gani, mjomba?"

"Wa bei za mbolea."

Mjomba hakuwa na hata kitalu cha vitunguu.

"Huo umekufa, achana nao. Nenda ukale mbali na hapo kazini. Usiharakishe kurudi."

"Mbona unahema?"

"Nimeshuka ngazi. Lifti mbovu."

"Pole, mama. Jitunze."

Akafuta machozi kwa mkono ulionuka baruti, akavaa miwani ya jua, akapita katikati ya askari akienda zake kwa miguu.