Bwana Tai na Binti wa Posta

Mvua ilipomwagika ghafla, njia panda nzima ilijibana kwenye kibaraza cha duka la dawa, na hapo ndipo mwanamume mmoja alipomkanyaga binti mguu. Tumwite Bwana Tai, maana ile tai shingoni ndiyo ilikuwa akili yake yote. Karani wa bima, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Binti alikuwa mpeleka barua, mgeni kabisa kazini, koti la mvua limemfunika sare na mkoba.

"Samahani, mrembo. Nimekuumiza?"

"Malengelenge yameshakutangulia."

"Kumbe una maneno! Unafanya kazi wapi?"

"Posta."

Bwana Tai alisikia posta, akaona kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Hakuuliza zaidi. Watu wa aina yake hawaulizi, wanajijazia wenyewe.

Wakapendana, tena kwelikweli, sikatai. Kila jioni binti aliloweka miguu kwenye beseni, simu sikioni.

"Umeshindaje, kipenzi?"

"Mbwa wa nyumba ya kona kanitoa mbio. Halafu mama mmoja kanigombeza eti bili yake ya umeme imepanda, utadhani nimeiandika mimi!"

"Ha! Una vituko wewe!"

Alidhani anataniwa. Zuzu!

Siku moja msimamizi akambadilishia binti mtaa. Asubuhi, akizipanga barua jengo kwa jengo, akakuta za kampuni ya bima ya Bwana Tai. Alifurahi kama mtoto. Akaingia na sare iliyompwaya mabegani, mkoba umempinda upande, jasho linamchuruzika, meno yote nje.

"Hodi, bosi! Barua zenu hizi."

Bwana Tai alikuwa na wenzake. Hakuinua macho. "Weka hapo, dada."

"Mnafahamiana?" mwenzake akauliza.

"Nimfahamie wapi mtu wa barua?"

Wakacheka. Binti akaziweka barua mezani, akashuka ngazi analia kwa hasira.

Jioni simu ikaita.

"Kipenzi, nielewe. Ungeniambia mapema..."

"Nilikuambia kila siku!"

"Nilishtuka tu. Nakupenda. Nataka nije kwenu nikuoe."

Hapo binti akalegea, maana alimpenda, na kumpenda mtu kama yule ni balaa. "Basi kesho omba ruhusa. Unibebee mkoba mtaa mzima, mpaka ofisini kwenu. Tukimaliza, nakupeleka kwa mama."

"Hilo tu?"

Akaja, tai ileile. Mkoba akaubeba, milango akabisha, na kila mlinzi akaambiwa, "Huyu mke wangu huyu, msimcheleweshe!" Binti akacheka mpaka akasahau miguu. Akaanza kuwaza atamwambia nini mama yake.

Wakafika karibu na jengo la bima. Wenzake Bwana Tai walikuwa nje, wanapiga soga na vikombe vya chai mkononi. Bwana mkubwa wetu, kuwaona tu, akasimama. Akauteremsha mkoba begani, akauegemeza ukutani taratibu, kama kitu cha wizi.

"Tangulia, mpenzi. Kamba ya kiatu imefunguka."

Viatu vyake havikuwa na kamba.

Binti aliviangalia. Iliuma, tena sana. Akaubeba mkoba wake, akawapita wale wa chai, akaingia. Simu yake iliita mfukoni jengo zima, ghorofa kwa ghorofa. Hakuipokea. Mikono ilikuwa imejaa barua za watu.