Kandili ya Nyumbani kwa Svetozar

"Mgeni anaingia mtaa wa Zemun. Usimpoteze."

"Hata akigeuka panya," Vukašin alijibu kwenye redio, akakata kona na gari lake kuukuu aina ya Yugo.

Mbele, Audi nyeusi. Ndani yake Lenz: kwa mdomo, mnunuzi wa taa za kale; kwa mshahara, jasusi. Mchana huu angekabidhiwa majina ya maofisa tisa wa ujasusi wa Belgrade waliojificha ng'ambo. Majina yakivuka mpaka, wote tisa ni maiti. Na aliyewauza ni mtu wa ndani.

Nani?

Audi ikasimama.

Vukašin akakanyaga breki. Ile ni nyumba ya Svetozar. Mwenzake wa kazi, miaka kumi na minane. Bintiye, Jagoda, alibatizwa mikononi mwa Vukašin.

Leo ukoo wa Svetozar ulikuwa na sikukuu ya mtakatifu wao. Siku hiyo hualikwi. Mlango u wazi, unaingia tu.

Akaingia.

"Umechelewa, ndugu yangu! Sarma za kabichi zinapoa!" Svetozar akambusu mara tatu. Alikuwa amesimama na chupa ya pombe ya rakija, maana mwenye nyumba haketi siku hiyo. Lenz alishakaa mezani, anatafuna kama mkwe.

Vukašin akatazama ukutani. Mbele ya picha ya mtakatifu ilining'inia kandili ya fedha ya babu yake Svetozar.

Imezimwa.

Leo? Hata mlevi wa mtaani angeiwasha leo.

"Sveto, mtakatifu umemkatia umeme?"

Wageni wakacheka.

"Utambi mbovu. Halafu nimemuuzia huyu bwana."

"Ya babu yako? Siku ya sikukuu?" Vukašin akatoa kiberiti cha gesi. "Basi iwake mara ya mwisho."

"Usiiguse!"

Kicheko kikakatika.

Vukašin akainua glasi ya mafuta kutoka ndani ya kandili. Chini yake, imebandikwa kadi ya kumbukumbu ya kompyuta, ndogo kama ukucha.

Mkono wa Lenz ukaenda kwapani. Ukachelewa. Bastola ya Vukašin, aina ya Zastava, ilishamgusa pua.

"Maliza sarma, bwana. Gerezani hawapiki hivi."

Kisha Vukašin akasema redioni: "Tisa wako salama. Njooni mchukue wawili."

"Wa pili nani?" redio ikauliza.

Vukašin akamgeukia mwenye nyumba.

"Svetozar."

Svetozar alikuwa bado ameshika chupa. "Jagoda utamwambia nini?"

"Mwambie wewe, uliyemzaa. Mimi ni baba wa ubatizo tu."

Vukašin akawapisha wenzake mlangoni, akawasha sigara, akashuka kuelekea mto Danube bila kugeuka nyuma.