Kingo za Gari la Bibi Olwen

Kila siku baada ya shule Nerys alishuka basi pale darajani, akapanda kilima hadi kwa bibi yake, akatupa mkoba jikoni na kutwaa kipande cha mkate wa zabibu kavu. Mkate wenyewe aliumalizia uani, akiwa mbioni kuelekea gereji, maana huko ndiko kulikokuwa na mambo.

"Umenawa mikono?" Sauti ya Bibi Olwen ilitoka chini ya gari.

"Ninawe ya nini, Bibi, na nakuja kushika grisi?"

"Mdomo huo! Haya, nipe spana. Siyo hiyo, ile fupi."

Bibi Olwen alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi. Alipostaafu, watu wa mji wao mdogo wa Llandeilo walidhani atakaa dirishani afume masweta. Yeye aliagiza gari. Nalo halikuja likiwa gari. Lilikuja likiwa masanduku: chesisi ya chuma, bodi ya faiba, na mifuko ya bolti na nati. Injini na usukani walivitoa kwenye gari kuukuu lililokuwa likiota kutu shambani kwa jirani. Majira mawili ya baridi bibi na mjukuu waliunganisha kipande kwa kipande, na sasa lilikuwa limesimama pale, jekundu, la viti viwili, halina paa, madigadi ya mbele yamekaa juu ya magurudumu kama kofia.

Lilikuwa likiwaka na kunguruma vizuri. Kilichokosekana ni ruhusa ya kwenda barabarani. Gari lililoundwa nyumbani halipewi namba mpaka mkaguzi wa serikali alichunguze na kuridhika. Ukaguzi ulikuwa Jumanne. Jumamosi iliyofuata Menna, dada yake Bibi, alikuwa anatimiza miaka themanini kule Aberaeron, pwani, na Bibi alikuwa amekwisha mwambia kwa simu asimame mlangoni asikilize mngurumo.

"Jambo moja linanichosha," alisema Bibi akijitokeza, uso umepakaa masizi. "Ati kila ukingo ambao mtu anaweza kuugusa sharti uwe wa mviringo. Kila ukingo!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wamesema."

Jibu hilo halikumtosha Nerys. Majibu ya namna hiyo hayakuwahi kumtosha tangu ajue kusema. Bahati nzuri alasiri hiyo alifika Emlyn, jirani ambaye naye aliwahi kuunda gari lake mwenyewe, akiwa na tufe la mbao lenye ukubwa wa chungwa kubwa.

"Mkaguzi analo kama hili," alieleza. "Analivingirisha juu ya bodi. Tufe likigusa mahali, basi hata goti la mtu au paji la uso litagusa. Pasipofikika, hapamhusu."

Nerys alilipaka tufe chaki, akaanza kulivingirisha. Kila lilipogusa liliacha alama nyeupe. Alistaajabu. Skrubu kali iliyojificha nyuma ya taa, aliyodhani ndiyo hatari kuliko zote, haikupata hata doa. Lakini kioo cha pembeni, kilichoonekana kipole kabisa, kilijaa chaki.

Halafu akapata wazo. Alikwenda jikoni, akarudi na donge la unga uliokandwa, akalizungushia tufe hadi likapata nyama kama goti. Akalisukuma kwenye ukingo wa kioo ambao Bibi alikuwa amekwisha upiga tupa na msasa. Unga ulibonyea tu. Kisha akalisukuma kwenye ncha ya bolti mojawapo iliyoshika vishikio vya madigadi ya mbele. Bolti ilipasua unga wote, ikagonga mbao: ko!

"Bibi, njoo uone! Imefika mpaka kwenye mfupa!"

"Huo si unga wangu wa mkate wa kesho?" Bibi alifoka. Lakini aliinama, akatazama lile tundu.

Wikiendi nzima walipiga tupa na msasa. Kufikia Jumatatu jioni kingo zote zilikuwa zimelainika, isipokuwa bolti za vile vishikio na ncha za vishikio vyenyewe. Kuzitengeneza kulitaka kufungua madigadi, kukata bolti, kupiga tupa chuma kinene na kupaka rangi upya. Muda haukuwepo. Isitoshe, Bibi alizipenda zile bolti. Alikuwa amezing'arisha mwenyewe, zikametameta kama vijiko vya sikukuu.

"Unajisumbua bure, Mama Olwen," alisema Emlyn, akitoa mfukoni utepe mweusi wa mpira. "Bandika huu kwa gundi kidogo tu. Mkaguzi akishatoa cheti, unaubandua, bolti zako zinang'aa kama kawaida. Nani atajua?"

Bibi alikuna kidevu. "Kwa siku moja tu?"

"Kwa saa chache tu."

Nerys alikuwa bado ameshika tufe. "Lakini Bibi, ikiwa bolti inakata watu Jumanne, Jumatano je? Kwani ngozi za watu zinakuwa ngumu usiku?"

Emlyn alicheka. Bibi hakucheka. "Nerys, duka la maswali limefungwa. Shika gundi."

Nerys alishika gundi. Alibandika utepe kwenye vishikio vyote, gundi kidogo kama alivyoambiwa. Mikono ilifanya kazi, lakini moyo ulikuwa umenuna.

Asubuhi ya Jumanne Emlyn alilivuta gari lao kwa trela hadi kituo cha ukaguzi. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo fupi, kwa hiyo Nerys naye alikwenda. Mkaguzi, Bwana Vaughan, alikuwa mtu mfupi mwenye mafua, akimung'unya peremende moja baada ya nyingine. Nerys alimwogopa kwa muda mfupi tu, kisha akashindwa kujizuia.

"Kwa nini umeendesha kwa kuzunguka halafu ukaachia usukani?"

"Nione kama unajirudisha wenyewe. Dereva akipiga chafya, gari lisiendelee kukata kona."

"Na hicho kipaza sauti nyuma ya ekzosi?"

"Kinapima kelele. Watoto wachanga nao wana haki ya kulala."

Alijibu kila swali, na ilionekana anafurahia. Breki zilikubali, taa zikakubali, mikanda ikakubali. Kisha akatoa tufe lake, akalivingirisha juu ya bodi yote, polepole. Lilipita kwenye vioo, likapita kwenye taa. Lilifika kwenye vishikio vya madigadi, likapita laini juu ya utepe wa mpira. Bwana Vaughan alitikisa kichwa kukubali. Bibi Olwen alishusha pumzi.

Lakini mkaguzi hakuondoka. Alimgeukia Nerys.

"Ajabu. Tangu asubuhi umeuliza kila kitu, hata peremende zangu zinatoka wapi. Hapa hujauliza neno. Umechoka?"

Nerys alihisi masikio yakimwaka. Alimtazama Bibi, Bibi akatazama pembeni. Angeweza kusema ndiyo, amechoka. Cheti kingetoka, na Jumamosi Menna angesikia mngurumo. Lakini aliona tena lile tundu kwenye unga, na mbao ikichungulia ndani yake.

"Nina swali," alisema. "Mtu akibandua mpira huu kesho, gari bado litakuwa limefaulu?"

Emlyn alianza kukohoa. Bwana Vaughan aliacha kumung'unya, akamtazama Bibi Olwen.

"Mama, utepe huu umewekwa ukae?"

Uongo ulikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini Bibi alisogea mbele, akashika ncha ya utepe, akauvuta. Ulitoka wote kwa mara moja, kama ganda la ndizi.

"Haukuwekwa ukae," alisema. "Na upande wa pili ni vivyo hivyo."

Bwana Vaughan alipitisha kidole juu ya bolti. "Mpira wenyewe si kosa, ukishikishwa vizuri ukakaa. Lakini mimi nalitazama gari siku moja. Barabara italitazama kila siku." Alisema kwa upole, lakini aliandika kwamba gari halijafaulu.

Walirudi ndani ya gari la Emlyn, trela ikigongagonga nyuma yao, wakafika kwenye mashamba ya kondoo.

"Mtoto huyu ana mdomo!" Emlyn alilipuka. "Tulikuwa tumeshapita!"

"Mdomo ni wake, kosa ni langu," alijibu Bibi. "Endesha, Emlyn."

Jumamosi walikwenda Aberaeron kwa basi. Menna alikuwa amesimama mlangoni kweli. "Mngurumo gani huu?" aliuliza. "Mbona unatoka kwenye basi?" Wote walicheka, na Bibi alicheka kuliko wote, ingawa Nerys aliona macho yake yamelowa.

Kazi iliyofuata haikuwa na utani. Walifungua madigadi, wakakata bolti, wakaweka nati zenye kofia ya mviringo. Vishikio walivipiga tupa hadi viganja vikatoka malengelenge. Emlyn alikaa siku kadhaa bila kuja; kisha alitokea na tupa yake mwenyewe, akaanza kazi bila kusalimia. Kila jioni Nerys alizungushia tufe unga na kulisukuma, na kila tundu lilipotokea walirudia.

Waliporudi kituoni, Bwana Vaughan alivingirisha tufe lake, kisha akaliweka chini, akapapasa vishikio kwa mikono mitupu huku amefumba macho. Akatabasamu. Siku hiyo gari lilipata cheti, na baadaye namba.

Safari yao ya kwanza ilikuwa kwa Menna. Njiani walisimama kwenye kibanda kununua aiskrimu. Kabla Bibi hajalipa, kitoto kilichojua kutembea juzijuzi kilimponyoka mama yake, kikalikimbilia gari jekundu, kikajikwaa na kuanguka paji la uso likitangulia, pu, juu ya kishikio cha digadi.

Mama yake alipiga yowe. Bibi Olwen aliangusha pochi. Nerys alikuwa wa kwanza kufika, akakiinua kile kitoto, akalitazama paji la uso. Palikuwa na wekundu kidogo, basi. Kitoto kilishangaa, kikalitazama gari, halafu kikaanza kulia kwa sababu kilitaka usukani.

Walipokwisha kukiketisha kwenye kiti cha dereva kikatulia, na mama yake akashukuru na kwenda zake, Bibi aliokota pochi, akalipia aiskrimu, kisha akaegemea gari.

"Nilidhani zile sheria ni za mkaguzi," alisema. "Kumbe ni za yule mtoto, na hata jina lake silijui. Anayemdanganya mkaguzi anamdanganya mtu ambaye hajamwona bado."

"Lakini mimi ndiye niliyebandika, Bibi. Nilijua, nikabandika."

"Ulijua, ukauliza, nikakunyamazisha. Hilo ni langu. Lako ni hili: mtu akilinyamazisha swali zuri, hata akiwa bibi yako, lisubirishe, usilizike. Kituoni ulilitoa tena, na ulikuwa unaogopa. Ndiyo maana tumesimama hapa na aiskrimu, hatuko hospitali."

Nerys alilamba aiskrimu yake iliyokuwa imeanza kumiminika kiganjani, akafikiri kidogo.

"Bibi?"

"Duka liko wazi. Uliza."

"Nitaruhusiwa kuendesha lini?"

"Panda kwenye gari," alisema Bibi Olwen, na akawasha injini.